Siku ya Mama Ilizaliwa Kanisani

Kila mwaka ukifika mwezi wa Mei, mabishano yaleyale hurudi katika sharika zetu. Jumapili ya pili ya mwezi huo akina mama huja na sare zao za vitenge, kwaya yao huimba, watoto wadogo husimama mbele na kusema maneno waliyofundishwa, na wengine hubeba maua. Baada ya ibada, nje ya kanisa, utamsikia mzee mmoja akiuliza, "Sikukuu hii imeandikwa wapi katika Biblia?" Kijana atamjibu kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Mwingine atasema ni ujanja wa wafanyabiashara wanaotaka kuuza kadi na maua. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakidai kuwa mizizi yake ni ibada za miungu wa kike wa Wayunani na Warumi, kwa hiyo Mkristo asiiguse.

Maswali hayo si ya kudharauliwa. Mkristo anapaswa kujua anaadhimisha nini na kwa nini. Ndiyo maana katika makala haya napenda tuifuate historia ya siku hii tangu mwanzo wake. Tutakuta kwamba haikuanzia kwenye hekalu la sanamu wala dukani. Ilianzia katika darasa la shule ya Jumapili. Tutakuta pia kwamba mtu aliyeilaumu biashara ya siku hii kwa ukali kuliko wote alikuwa yuleyule aliyeianzisha.

Mama aliyezika watoto wake

Ann Maria Reeves alizaliwa mwaka 1832 huko Virginia, Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Methodisti, na familia ilihama pamoja naye alipohamishwa kituo cha kazi. Ann aliolewa na Granville Jarvis mwaka 1850, nao wakaishi katika vijiji vya milimani ambavyo leo viko katika jimbo la Virginia Magharibi, karibu na mji wa Grafton.

Alijaliwa watoto zaidi ya kumi. Waliofika utu uzima ni wanne tu. Wengine walichukuliwa na magonjwa yaliyokuwa yakipita katika vijiji vile mwaka hadi mwaka: surua, dondakoo, homa ya matumbo. Wazee wetu walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ann aliujua uchungu huo mara nyingi, na kila mara alirudi kutoka makaburini kwenye nyumba yenye wengine wa kulisha.

Angeweza kujifungia ndani na huzuni yake, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alitazama nyumba za jirani akaona kuwa vilio vilikuwa vilevile, na kwamba vingi vilitokana na uchafu na kutojua. Mwaka 1858, akiwa mjamzito tena, alianza kuwakusanya akina mama wa makanisa katika miji mitano ya eneo lile na kuunda vikundi alivyoviita Vikundi vya Kazi vya Siku ya Mama. Ndugu yake, James Reeves, alikuwa daktari aliyejulikana kwa kupambana na homa ya matumbo, naye akawasaidia kwa mafundisho.

Tuangalie vikundi hivyo vilifanya nini, maana hapo ndipo jina la siku yetu lilipotokea kwa mara ya kwanza. Akina mama walikwenda nyumba kwa nyumba kufundisha usafi. Walikagua maziwa waliyonyweshwa watoto. Walichanga fedha za dawa kwa ajili ya wasio na uwezo. Palipokuwa na mama mwenye kifua kikuu asiyeweza kuinuka kitandani, walimtafutia msichana wa kumsaidia kazi za nyumbani. "Siku ya Mama" katika kinywa cha Ann Jarvis ilikuwa siku ya akina mama kufanya kazi kwa ajili ya watoto wa wenzao. Haikuwa siku ya kukaa na kupewa zawadi.

Akina mama kati ya majeshi mawili

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1861, Marekani iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Eneo la Grafton lilikuwa mahali pabaya pa kuwa, kwa kuwa njia ya reli ilipita hapo na majeshi ya pande zote mbili yaliitaka. Mpaka wa uadui ulipita ndani ya vijiji, ndani ya makanisa, hata ndani ya nyumba. Ndugu huyu alivaa sare ya Kaskazini, yule ya Kusini.

Ann aliwaita akina mama wa vikundi vyake akawaomba wasiegemee upande wowote. Homa ya matumbo na surua zilipoingia katika kambi za askari, akina mama hao waliwauguza wagonjwa wa pande zote mbili, wakawalisha na kuwavika bila kuuliza sare ya mtu ilikuwa ya rangi gani. Kijana aliyelala akitetemeka kwa homa alikuwa mtoto wa mama fulani mahali fulani. Hilo liliwatosha.

Vita viliisha mwaka 1865, lakini chuki haikuisha. Askari walirudi nyumbani kijiji kimoja, wakakutana njiani na watu waliokuwa wakiwapiga risasi. Mwaka 1868 Ann na wenzake waliandaa mkutano kwenye mahakama ya Pruntytown, wakauita Siku ya Urafiki ya Akina Mama. Waliwaalika askari wa zamani wa pande zote mbili pamoja na familia zao. Kulikuwa na vitisho kwamba damu ingemwagika, na wengine walishauri mkutano uahirishwe. Haukuahirishwa. Inasimuliwa kuwa siku ile iliisha kwa watu kulia na kushikana mikono.

Hatujifunzi upatanisho katika vitabu vya theolojia peke yake. Wanawake waliozika watoto waliona kwamba mtu aliyekwisha kuuzika mwili wa mwanawe hana tena sababu ya kutaka mwana wa jirani afe.

Sala ya shule ya Jumapili

Baada ya vita Ann alifundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi katika Kanisa la Methodisti la Andrews mjini Grafton. Siku moja mwaka 1876 somo lilihusu akina mama wa Biblia. Alipomaliza kufundisha, alifunga kipindi kwa sala. Katika sala hiyo alieleza tumaini lake kwamba siku moja atatokea mtu wa kuanzisha siku ya kumkumbuka mama kwa utumishi wake usio na kifani kwa wanadamu.

Miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza alikuwemo binti yake Anna, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

Walimu wa shule ya Jumapili wanaosoma makala haya na walizingatie jambo hili. Kuna Jumapili unafundisha watoto wanane, wawili wanasinzia na mmoja anachezea kamba ya kiatu. Unafunga kwa sala na kurudi nyumbani ukidhani hakuna kilichobaki. Ann Jarvis hakujua kuwa sala yake ilikuwa imepata pa kukaa. Hakuona ikijibiwa. Alifariki tarehe 9 Mei 1905 huko Philadelphia, alikokwenda kuishi na watoto wake katika uzee.

Anna aliikumbuka sala ile. Wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, hajaolewa, hana mtoto. Alianza kuandika barua kwa wachungaji, magavana, wabunge, wafanyabiashara na wahariri wa magazeti. Aliomba jambo moja: Jumapili moja kwa mwaka iwekwe kwa ajili ya mama. Alichagua Jumapili ya pili ya Mei kwa sababu iko karibu na siku mama yake alipofariki.

Tarehe 10 Mei 1908 ibada ya kwanza rasmi ya Siku ya Mama ilifanyika asubuhi katika kanisa lilelile la Andrews, mjini Grafton. Anna mwenyewe hakuwapo. Alituma simu ya maandishi, na pamoja nayo maua meupe ya kaneshoni 500, kwa kuwa mama yake aliyapenda. Alasiri ya siku hiyo yeye alikuwa Philadelphia, ambako mfanyabiashara John Wanamaker alitoa ukumbi wa duka lake kubwa kwa ajili ya mkutano wa pili. Mwaka 1910 jimbo la Virginia Magharibi liliitambua siku hiyo, na mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson aliitangaza kwa taifa zima la Marekani. Kutoka huko ilisambaa hadi kufika katika sharika zetu.

Basi mzee anayeuliza ilikotoka siku hii anaweza kujibiwa. Ilitoka katika sala ya mwalimu wa shule ya Jumapili, ikaadhimishwa kwanza kanisani, miaka thelathini na miwili baada ya sala hiyo.

Desturi ya Uingereza

Wakristo wa Uingereza nao walikuwa na desturi yao, ya zamani kuliko hiyo. Katika Jumapili ya nne ya Kwaresima, somo la Waraka katika Kitabu cha Sala cha Kianglikana lilitoka Wagalatia sura ya nne, ambapo Paulo anautaja Yerusalemu wa juu kuwa ndio mama yetu. Kwa karne nyingi Jumapili hiyo ilihusishwa na mama. Vijana waliofanya kazi za ndani katika nyumba za wenye mali walipewa ruhusa kwenda kwao kumwona mama, wakimpelekea zawadi ndogo, mara nyingi keki.

Kufikia mwanzo wa karne ya ishirini desturi hiyo ilikuwa ikififia. Mwaka 1913 Constance Penswick Smith, binti wa kasisi katika kijiji kimoja cha Nottinghamshire, alisoma habari za Anna Jarvis gazetini. Aliona kwamba kanisa lake tayari lilikuwa na siku ya namna hiyo na limeisahau. Alitumia maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1938 kuifufua. Yeye naye hakuolewa, wala hakuwa na mtoto.

Nalitaja hili kwa sababu ya baadhi ya akina mama na akina dada tunaoketi nao Jumapili ile. Yupo asiyejaliwa mtoto. Yupo aliyezika mtoto mwaka jana. Wanapoitwa akina mama wasimame wapigiwe makofi, hawajui wasimame au wakae, na wengine siku hiyo hubaki nyumbani. Na wajue kwamba siku hii ilianzishwa na wenzao: iliombewa na mama aliyezika watoto wengi, ikasimamishwa na wanawake wawili ambao hawakuwahi kuitwa mama. Wao si wageni katika siku hii.

Aliyeianzisha anaikataa

Sasa twende kwenye lawama ya pili, ile ya biashara. Hapa historia inasikitisha.

Wauza maua ndio waliokuwa wa kwanza kuifurahia siku mpya. Desturi ilienea kwamba mwenye mama aliye hai avae ua la rangi, na aliyefiwa avae jeupe. Kila Mei bei ya maua ilipanda. Wachapaji wa kadi wakaingia, kisha wauza peremende. Anna, ambaye mwanzoni alishirikiana na wafanyabiashara hao, alianza kuona kile alichokiita siku takatifu kikigeuka kuwa msimu wa mauzo.

Alipigana nao. Mwaka 1912 alikuwa ameisajili Siku ya Mama kisheria ili isitumiwe ovyo, na baadaye aliwatishia wengi kuwapeleka mahakamani. Aliwasihi watu waache kununua maua na kadi. Kuhusu kadi zilizochapwa, maoni yake yalikuwa makali: mtu anayemtumia mama yake maneno yaliyotungwa na mgeni ni mvivu asiyetaka kushika kalamu na kumwandikia mwenyewe. Mwaka 1925 aliingia katika mkutano wa chama cha akina mama wa wanajeshi huko Philadelphia kupinga uuzaji wao wa maua, akakamatwa kwa kuvuruga amani. Mwishoni alitaka hata siku yenyewe ifutwe. Fedha zake ziliisha katika mapambano hayo. Alifariki tarehe 24 Novemba 1948 katika nyumba ya kutunzia wagonjwa huko Pennsylvania, akiwa na miaka themanini na minne, akazikwa karibu na mama yake.

Wengine humwona kuwa mwanamke aliyezidiwa na hasira. Huenda hasira ilimzidi kweli. Lakini alichokitetea kilikuwa wazi. Katika Kiingereza aliandika jina la siku hii kwa namna inayoonyesha kuwa mama ni mmoja, akasisitiza lisibadilishwe. Kiswahili chetu kinaliweka jambo hilo vizuri: ni Siku ya Mama, si Siku ya Akina Mama. Hakutaka tuwasifu akina mama kwa jumla jukwaani. Alitaka kila mtu amwendee mmoja, yule aliyemzaa au kumlea, amtazame usoni.

Korbani ya siku hizi

Bwana Yesu aliliona tatizo hili mapema. Katika Marko 7:9–13 anawakemea watu waliobuni njia ya kukwepa kuwatunza wazazi. Mtu alitangaza kuwa mali ambayo ingewafaa baba na mama yake ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Mbele ya watu alionekana mcha Mungu. Nyumbani wazazi walibaki mikono mitupu. Yesu alisema kwamba kwa njia hiyo walilitangua neno la Mungu.

Tunapaswa kukumbuka pia kwamba katika amri ya kuwaheshimu baba na mama, neno la Kiebrania linatokana na uzito. Kumheshimu mzazi ni kumpa uzito, yaani jambo lake lisiwe jepesi kwako. Yesu mwenyewe, akiwa msalabani na mateso yake yote, hakumtolea Mariamu hotuba ya sifa. Alimtafutia mahali pa kukaa. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake (Yohana 19:26–27).

Niruhusuni niungame jambo. Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi ya Siku ya Mama, nilitafuta picha nzuri ya mama yangu nikaiweka kwenye WhatsApp, na chini yake nikaandika maneno mengi ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Marafiki waliitikia mchana kutwa: hongera, amina, Mungu amtunze. Nilijisikia mwana mwema. Nilikuwa nimemtumia pia fedha kidogo kwa simu siku mbili kabla. Saa tatu usiku simu yangu iliita. Alikuwa mama. Simu yake ni ile ndogo ya vitufe, isiyoonyesha picha. Hakuwa ameona hata neno moja kati ya yale niliyomwandikia.

"Mwanangu, uko salama?" akaniuliza. "Leo nimeona kimya, nikasema labda unaumwa."

Watu zaidi ya mia moja walikuwa wamesoma sifa zake. Yeye alikuwa ameketi kijijini tangu asubuhi, akiwa na hofu kwamba mwanawe ni mgonjwa. Nilikosa la kujibu. Ile picha ilikuwa korbani yangu.

Tangu hapo nimejaribu kuiadhimisha siku hii kwa namna nyingine. Nikiweza, nakwenda. Nikishindwa, napiga simu mapema wala sina haraka ya kuikata. Namwuliza habari za magoti yake, za maji, za mbuzi, na jina la jirani anayemsaidia kuchota maji, ili nimshukuru huyo naye.

Hilo ndilo ninalopenda sharika zetu zijifunze kutoka Grafton. Sare za vitenge ni nzuri, nyimbo ni nzuri, na maua si dhambi. Lakini Ann Jarvis aliitaka siku ya akina mama kutumikia, na Anna akaitaka siku ya mtoto kumrudia mama yake. Tukiyashika yote mawili, Jumapili ya pili ya Mei itakuwa na kazi. Umoja wa akina mama unaweza kutembelea nyumba yenye mtoto mgonjwa, au ya mama asiyeinuka kitandani. Vijana wanaweza kuwaendea wajane ambao watoto wao wako mbali. Na kila mmoja wetu mwenye mama aliye hai anaweza kumtafuta kabla jua halijazama.

Aliyefiwa naye asikae pembeni. Anna Jarvis aliianza kazi yake baada ya kaburi la mama yake kufunikwa. Timotheo aliipokea imani kutoka kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, naye akaipeleka mbele. Mema ya mama aliyelala hurudishwa kwa kumtendea mwingine vilevile.

Mzee akiuliza tena mwaka ujao ilikotoka sikukuu hii, mwambie kwa upole. Kisha mwulize kama mama yake yu hai, na kama amemjulia hali leo.

Bwana atufundishe kuwapa wazazi wetu uzito wao tungali nao. Amina.